Dada Yangu na Vitabu Vitatu vya Taroti

Dada yangu mkubwa ni naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari mjini Kasese, na tangu tukiwa wadogo hajawahi kuamini kitu ambacho hakijaandikwa. Mama alipomfundisha kupika sombe, yaani kisamvu, dada aliuliza vipimo. Mama akamwambia apike mpaka inukie. Dada aliona hilo si jibu, na mpaka leo sombe yake hailiwi ila na wageni wenye adabu.

Mimi niko Bwera. Nauza vitenge na kushona nguo, na duka langu liko kando ya barabara iendayo mpaka wa Kongo. Elimu yangu iliishia pale karo ilipoishia, kwa hiyo dada hunitembelea kama mtu anavyomtembelea mgonjwa: analeta sukari, anauliza maswali kwa sauti ya upole, halafu anaangalia saa.

Ndiyo maana nilishangaa Jumamosi moja alipokuja bila sukari. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akakaa karibu na cherehani, akatoa kwenye mkoba wake mfuko mdogo wa kitenge. Ndani ya mfuko mlikuwa na karata za taroti. Mimi nilizijua kwa kuzisikia tu: karata sabini na nane zenye picha, ambazo watu huzitandaza mezani na kuzisoma ili wajue yatakayokuja.

Zilikuwa za mwanafunzi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikutwa nyuma ya bweni akiwasomea wenzake, na wenzake walikuwa wamepanga foleni iliyonyooka kuliko foleni ya chakula. Kamati ya nidhamu ilikaa, dada akiwa mwenyekiti, na msichana akarudishwa nyumbani mpaka aje na mzazi. Kosa lake liliandikwa uchawi. Karata zilipaswa kuchomwa moto mbele ya shule nzima.

"Na hukuzichoma?" nilimuuliza.

"Nilichoma boksi," alisema dada.

Akanieleza bila kona. Moto uliwashwa uwanjani, yeye mwenyewe akatupa boksi lililofungwa vizuri, shule ikaimba wimbo wa ushindi, na mwalimu wa dini akalia machozi. Boksi lilikuwa tupu.

Alisema anataka kuelewa kinachowasumbua watoto. Alilisema hilo mara mbili. Halafu akaniuliza, huku akitazama uzi wa cherehani, kama nadhani karata zinaweza kujua nani atapewa kazi fulani. Mwalimu mkuu wao alikuwa karibu kustaafu, jambo lililojulikana na kila mtu kuanzia Kasese hadi huku kwetu, ila dada aliniambia ni kazi yoyote tu, kwa mfano.

Nikamwambia tuzitandaze basi, tutazame picha, tukisie. Dada aliniondolea karata mbele yangu kana kwamba nimetaka kumnywesha maji ya mtaroni.

"Bila kitabu ni uchawi," alisema. "Kwa kitabu ni elimu."

Nilimuuliza kama si karata zilezile. Akanijibu kwamba tofauti ya mganga na daktari ni vitabu, na kwamba mumewe, ambaye ni msomaji wa masomo kanisani kwao, asisikie habari hizi mpaka kwanza ziwe elimu. Tena hakutaka kitabu cha kubahatisha. Alitaka kitabu kimoja cha kudumu, cha kurejea maisha yote, kama kamusi. Kazi ya kukitafuta akanipa mimi, kwa sababu Kasese watu wanamfahamu. Bwera, nadhani aliona, hakuna jina la kuharibu.

Nikaanza na njia ya karibu. Nilikwenda kwenye duka la kutoa kopi, nikamwomba mwenye duka anitafutie kwenye mtandao kitabu cha taroti na kunichapia. Alikipata upesi, akakichapa, akakifunga kwa plastiki ya kuzunguka. Tatizo ni kwamba alikuwa akizisoma kurasa kadiri mashine ilivyozitoa. Nilipofika dukani kwangu, jirani yangu anayeuza samaki wakavu alikuwa ananingoja aniulize kama mwanawe atafaulu mtihani.

Dada alikipokea kitabu kile akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kila karata ilikuwa imepewa kila kitu: mapenzi, kazi, afya na safari, na mwishoni kabisa yote yalitegemea wewe mwenyewe. Alisahihisha tahajia mpaka katikati, kisha akaandika alama juu ya jalada, thelathini kwa mia, ingawa hakukuwa na mwandishi wa kumpa. Alisema kitabu kinachokubaliana na kila mtu kinafaa kugombea ubunge. Kwa hilo nilimuunga mkono. Ukirejea kitabu ukakuta kinasema ndiyo na hapana kwenye ukurasa mmoja, huna haja ya kitabu, una haja ya kulala.

Kitabu cha pili kiliingia kwa mlango wa mpaka. Kuna mfanyabiashara wa Butembo, upande wa Kongo, anayeniletea vitenge siku za soko, Mkatoliki mwenye sauti nzuri na shati lililopigwa pasi. Kila anachouza kilikuwa cha padri. Nimewahi kununua kwake baiskeli ya padri, saa ya ukutani ya padri, na godoro la padri. Kama yote hayo ni kweli, mapadri wa Butembo sasa wanatembea kwa miguu, wanalala sakafuni, na hawajui ni saa ngapi.

Nilimwambia ninachotaka, na siku ya soko iliyofuata akaja na kitabu cha Kifaransa, kinene, chenye jalada la kitambaa.

"Mama, hii kitabu iko muzuri sana," alisema. "Ilikuwa ya padri."

Padri alikuwa anafanya nini na kitabu cha taroti, sikumuuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wa kitabu. Mimi ni mshonaji, na kitabu kile kilikuwa kimeshonwa. Kurasa zilikunjwa mafungu mafungu, kila fungu likapitishwa uzi, na mafungu yakaunganishwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi yake. Nilikifungua katikati, nikakiweka mezani, nikakiachia. Kilibaki wazi. Hakikujifunga, hakikuhitaji kuwekewa mkasi juu yake. Mtu anayesoma karata ana mikono miwili tu, na yote miwili ina karata, kwa hiyo kitabu kisichoweza kukaa wazi peke yake ni mzigo. Nilikipenda palepale, mimi ambaye Kifaransa changu ni namba, rangi, na matusi ya watu wa forodha.

Dada naye Kifaransa hana. Basi Jumamosi alipokuja, mfanyabiashara ndiye aliyetusomea. Dada aliweka mezani karata ya Kifo, yenye mifupa. Mfanyabiashara alitazama ukurasa kwa muda mrefu kuliko mtu anayesoma.

"Hii iko muzuri, mama. Mambo yote mubaya inakwisha."

Dada akaweka Mnara, ambao unapigwa radi na watu wanaanguka kutoka madirishani. Hiyo nayo ilikuwa nzuri, kwani watu walikuwa wanahamia nyumba mpya. Akaweka Ibilisi. Hapo mfanyabiashara alimeza mate kidogo, akasema huyu ni mutu wa kazi nyingi. Dada alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu harusi yake, na nadhani kitabu kingenunuliwa mara mbili kama asingekuwa mwalimu. Lakini ni mwalimu, na mwalimu hukagua namba.

Katika karata zetu, namba nane ilikuwa Nguvu, mwanamke anayeshika kinywa cha simba. Katika kitabu cha Kifaransa namba nane ilikuwa Haki, mwenye mizani, na mwanamke wa simba alikuwa amesukumwa hadi kumi na moja. Dada alifungua mbele, akafungua nyuma, akahesabu kwa kidole. Uso wake ukarudi wa ofisini.

"Bazungu beko wengi, mama," mfanyabiashara alimwambia. "Kila moja na hesabu yake."

Baadaye nilikuja kujua kwamba alisema kweli, labda kwa bahati mbaya: karata za zamani za Wafaransa huhesabiwa hivyo, na Waingereza ndio waliobadilisha hizo mbili. Kitabu lazima kilingane na karata ulizonazo, vinginevyo utaisoma haki kama nguvu na nguvu kama haki, jambo ambalo kwetu hufanyika hata bila karata. Lakini kwa dada ilikuwa kama kuambiwa kwamba Jumatano inaitangulia Jumanne. Alisema hawezi kukabidhi maisha yake kwa kitabu kisichojua kuhesabu. Akaondoka. Kitabu nikakinunua mimi. Mfanyabiashara, alipoona biashara imekwenda vizuri, aliniuliza kama ningependa na kitanda. Kilikuwa cha askofu.

Kitabu cha tatu dada alikiagiza mwenyewe kutoka Kampala. Kilikuja kwa basi, kikiwa ndani ya mfuko mweusi, na akakipa jalada la karatasi ya kaki kama daftari za wanafunzi, kisha juu yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Jiografia. Alikileta Bwera kama mtu anayeleta bibi harusi. Kilikuwa cha Kiingereza, kizito, na kilikuwa na kila alichopenda duniani: faharasa, tanbihi, orodha ya vitabu vingine, na utangulizi mrefu ambamo mwandishi alieleza kwa nini waandishi wengine wote wamekosea. Dada alinisomea utangulizi mzima. Alisema hatimaye amepata mtu wa kuzungumza naye.

Nilitazama mgongo wake. Kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Nikamwambia kwa joto la huku hakitamaliza kiangazi, na yeye akaniambia kwamba maarifa hayashonwi.

Nikapendekeza tuvipime vyote vitatu kwa swali moja ambalo jibu lake tunalijua. Mume wangu alikwenda Beni kununua mbao, akabaki huko na mwanamke mwingine na watoto ambao sasa wanaota ndevu. Bwera nzima inajua, ila kanisani, ambako bado wananiombea arudi salama. Nikachanganya karata, nikauliza kama mume wangu atarudi, nikavuta moja. Akatoka Mtawa, mzee mwenye kofia ya joho, amesimama juu ya mlima na taa mkononi.

Dada alifungua Jiografia, akaanza kusoma. Kulikuwa na herufi ya Kiebrania. Kulikuwa na nyota, na nambari ya nyota. Kulikuwa na mto wa kuzimu wa Wagiriki, na maelezo marefu kuhusu rangi ya joho. Nilichemsha chai, tukainywa, nikaosha vikombe. Alipomaliza nilimuuliza kama basi mume wangu anarudi au harudi. Dada alisema kitabu kinanishauri nitafute mwanga ulio ndani yangu.

Kile cha plastiki kilisema anaweza kurudi, lakini inategemea.

Nikachukua kile cha Kifaransa. Kwenye ukurasa wa Mtawa nilikuta maneno mawili niliyoyafahamu, kwa kuwa wafanyabiashara huyatumia kila siku: peke yake, na mzee. Nikatangaza kwamba kitabu changu kinasema mume wangu amezeeka na yuko peke yake. Ni uongo mtupu, yule mtu ana nyumba imejaa hadi wengine wanalala jikoni. Kitabu changu kilikuwa kimeanguka mtihani mbele ya macho yangu, na mimi nilikipenda zaidi. Dada alisema sina vigezo. Kigezo chake yeye kilikuwa uzito.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumamosi, anatandaza karata juu ya meza yangu ya kukatia nguo na kuuliza habari za ile kazi yoyote. Ikitoka karata nzuri, aliisoma mara mbili. Ikitoka mbaya, alitafuta kwenye faharasa, akakuta ukurasa unaosema kwamba karata hazikuchanganywa ipasavyo, akachanganya upya. Kitabu kikubwa kina faida hiyo: ukikitafuta vya kutosha, utapata mahali kinapokuruhusu.

Jumamosi moja joto lilizidi, nikauacha wazi mlango wa nyuma. Soko lilikuwa limejaa. Mteja wangu mmoja kutoka Kisinga, mwanamke anayelima vitunguu, aliingia kwa mlango huo akiniita, kwa kuwa tumezoeana. Alitaka kitenge cha harusi. Alisimama kizingitini, akatazama meza, kisha akatazama mfuko uliokuwa kando ya karata.

"Huu mfuko nimeushona mimi," alisema.

Dada hakumfahamu. Aliinuka na ile sauti anayoitumia kwa wakaguzi, akasema, "Tunafanya utafiti." Akamwonyesha kitabu kama kibali. Yule mama alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akasoma jalada kwa sauti. Jiografia. Akakifungua, akaona picha, akakifunga.

"Wewe ndiye Depyuti, naibu wa shule," alisema. "Nilikuwa nije kwako Jumatatu. Mwanangu aliniambia karata zake zilichomwa moto, na shule nzima ikaimba."

Mimi nilianza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

"Zimeungua vizuri sana," yule mama akasema. Halafu, bila kupandisha sauti: "Mwanangu angekuwa na kitabu, naye angekuwa anafanya utafiti?"

Akaanza kuziokota karata, moja moja, akizipanga kama anavyopanga vitunguu, vikubwa chini. Moja ilikuwa bado mkononi mwa dada. Alinyoosha kiganja, dada akampa. Akauliza mwanawe arudi shule lini. Dada akasema Jumatatu. Yule mama akauliza kama atahitaji kuandika barua ya kuomba msamaha. Dada akasema haitahitajika. Yule mama akashukuru, akachagua kitenge cha bei ya juu kuliko vyote dukani, akasema bei anayotaka kulipa, nami nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Alipoondoka, dada alisema watu wa vijijini hawana adabu ya kuingilia mlango wa mbele. Nikamwacha aseme. Kisha akaketi, akaniomba chai. Aliniambia kwamba miaka yote hii amefanya kazi chini ya wanaume wasiojua kuandika taarifa ya shule, yeye ndiye huwaandikia, wao husoma jukwaani. Alitaka mara moja tu ajue jambo kabla yao. Ni dada yangu, na nilimwonea huruma, na pia nilikuwa namkumbuka yule msichana wa Kisinga akisimama mbele ya kamati. Niliweka sukari nyingi kwenye chai yake, sukari yangu.

Kazi alipewa mwanaume kutoka wilaya nyingine, mdogo kwa umri kuliko dada, ambaye hotuba yake ya kwanza iliandikwa na dada.

Sasa akabaki na kitabu cha taroti bila karata. Mtu mwingine angekiuza, lakini yeye alikisoma mpaka mwisho, na tanbihi zake zote. Siku moja shemeji yangu, akitafuta ramani ya Kongo, alikifungua. Dada alimwambia anafanya utafiti ili awaonye vijana. Sijui kama shemeji aliamini. Ni mtu aliyekaa kwenye ndoa muda mrefu na anajua vitu vya kuamini. Alikwenda kumwambia mchungaji, mchungaji akafurahi sana, na dada akaalikwa kuzungumza na akina mama wa kanisa juu ya hatari za karata.

Nilikwenda Kasese kumsikiliza. Ukumbi ulijaa. Dada alisimama mbele na kitabu chake, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimeachia gundi na kufungwa kwa mpira wa nywele ili Mnara usidondoke. Alizungumza vizuri, lazima niseme. Aliwaonya wasiguse kitu kile kamwe, kisha, ili wajue wasichopaswa kugusa, akawaeleza karata moja baada ya nyingine: picha yake, rangi zake, maana yake ikiwa wima na maana yake ikiwa imepinduka. Wanawake wa nyuma walisogeza viti mbele. Mke wa mwinjilisti aliomba arudie ile ya mwanamke na simba. Hata mtoto mmoja alipolia, mama yake alimpa nyonyo bila kumtazama, asipitwe. Walimaliza kwa sala, wakaimba, wakapiga makofi.

Nilidhani watu watatawanyika. Badala yake akina mama walianza kujipanga kando ya meza ya dada, polepole, kila mmoja akitazama pembeni kama mtu aliyepita tu. Mke wa mwinjilisti alikuwa wa kwanza. Alieleza kwamba ana binti anayechumbiwa na kijana wa Kampala, na kwamba yeye kama mzazi angependa kujua, kwa ajili ya tahadhari tu, mtu akikutana na ile karata ya Wapenzi iliyopinduka, ajilinde vipi hasa.

Dada alivua mpira, akalamba kidole, akafungua faharasa.

Shemeji yangu alitoka chumba cha majoho ya ibada kuja kufunga ukumbi, akiwa na funguo mkononi. Alitazama foleni tangu mwanzo wake hadi mwisho. Kisha akageuka, akaenda upande wa pili, akaanza kupanga viti ambavyo alikuwa ameshavipanga.